BIBI GRACIA: MKRISTO KATIKA NYUMBA YA MBUDHA

Kuna swali lisilokwisha watu wanapozungumza juu ya ndoa. Je, mume na mke wa dini mbili tofauti wanaweza kuishi chini ya paa moja? Hapa kwetu Kenya swali hilo huwa ni la Mkristo na Mwislamu. Leo nataka niwapeleke mbali kidogo, hadi Japani, katika nyumba ambayo mume alikuwa Mbudha na mke Mkristo, miaka zaidi ya 400 iliyopita. Bibi huyo ni Hosokawa Gracia, na Wajapani wanalijua jina lake kama sisi tunavyolijua la Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa mwaka wa 1563, akaitwa Tama, jina lenye maana ya johari. Baba yake, Akechi Mitsuhide, alikuwa mkuu wa vita chini ya Oda Nobunaga, bwana aliyekuwa na nguvu kuliko mabwana wote wa Japani wakati ule. Mwaka wa 1578 Tama aliozwa kwa Hosokawa Tadaoki, kijana wa rika lake na mtoto wa ukoo mkubwa wa wapiganaji. Hebu fikirini, bibi arusi wa miaka 15! Umri wa mwanafunzi wa sekondari. Lakini zama hizo ndoa za wakubwa zilikuwa mapatano ya kuunganisha koo. Binti hakuulizwa kama anataka au hataki.

Miaka minne baadaye balaa likaingia. Mwaka wa 1582 Mitsuhide alimgeuka bwana wake, akamshambulia akiwa katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto, na Nobunaga akafa papo hapo. Mitsuhide naye hakumaliza hata wiki mbili. Alishindwa vitani na kuuawa. Basi Tama akawa binti wa msaliti. Wengi walitazamia mumewe amwache au amuue ili asafishe jina la ukoo. Tadaoki hakufanya hivyo. Alimficha katika kijiji cha Midono, milimani, akakaa huko kama miaka miwili. Mwaka wa 1584 Toyotomi Hideyoshi, mtawala mpya, aliruhusu arudishwe kwa mumewe huko Osaka. Alirudi, lakini hakuwa huru. Tadaoki alikuwa na wivu mkali ajabu, akaweka walinzi, na mkewe hakuruhusiwa kutoka nje ya ua.

Sasa tuje kwenye dini. Tama alilelewa katika Ubudha, na alikuwa amejifunza mafundisho ya Zen, ambayo humtaka mtu atulie na kuichunguza nafsi yake. Ukristo ulikuwa mgeni Japani. Aliyeuleta ni padri Francis Xavier, mwaka wa 1549. Padri huyo huyo, akiwa safarini kwenda Bara Hindi mwaka wa 1542, alitia nanga hapa kwetu Malindi! Dunia ndogo hii. Na kumbe aliyempelekea Tama habari za Ukristo ni mumewe mwenyewe. Tadaoki alikuwa na rafiki Mkristo, Takayama Ukon, na alipotoka kwake alimsimulia mkewe mambo aliyoyasikia. Aliyasimulia kama mazungumzo tu. Hakujua kwamba anapanda mbegu.

Mwaka wa 1587 Tadaoki alikwenda vitani kisiwani Kyushu. Tama akapata mwanya. Akajichanganya na wanawake waliomtumikia, akatoroka mpaka kanisani Osaka. Huko hakukubali tu kama bendera fuata upepo. Aliuliza maswali mazito, akabishana na mwalimu Mjapani kwa hoja za Zen, na siku hiyo hiyo akaomba abatizwe. Mapadri walisita, kwa maana hawakumjua ni nani. Alirudishwa nyumbani, na hakuweza kutoroka tena. Basi akawa anawatuma wanawake wake kanisani kwa zamu, wakimletea mafundisho na vitabu.

Mwaka huo huo Hideyoshi akatoa amri kwamba mapadri waondoke Japani. Wengine wangeogopa, lakini yeye ndipo alipokata shauri. Mapadri hawakuweza kuingia kwake, kwa hivyo walimfundisha mmoja wa wanawake wake, Kiyohara Maria, namna ya kubatiza. Maria akambatiza bibi yake ndani ya nyumba, akaitwa Gracia, yaani neema.

Tadaoki aliporudi na baadaye kutambua mambo, moto uliwaka. Barua za wamishenari zinaeleza kwamba aliwaadhibu vikali watumishi Wakristo, na kwamba Gracia alifikiria kuondoka kabisa. Mapadri walimshauri avumilie. Alivumilia, na kadiri miaka ilivyopita mumewe alilegea kidogo. Hata baadhi ya watoto wao walibatizwa.

Mwaka wa 1600 Japani iligawanyika pande mbili. Tadaoki alimfuata Tokugawa Ieyasu kwenda mashariki. Adui yao, Ishida Mitsunari, akaamua kuwakamata wake wa mabwana waliobaki Osaka wawe rehani. Tadaoki alikuwa ameacha agizo: mkewe asiingie mikononi mwa adui, bora afe. Askari walipofika, Gracia aliwaamuru wanawake wake wakimbie, akabaki akisali. Dini yake ilimkataza kujiua, kwa hivyo mtumishi mkuu wa nyumba, Ogasawara Shosai, ndiye aliyemuua. Kisha nyumba ikatiwa moto na Shosai akajiua. Gracia alikuwa na miaka 37 hivi.

Mke wa mwanawe mkubwa, Tadataka, yeye alitoroka na kupona. Tadaoki alikasirika, akamwagiza mwanawe amwache mke huyo. Tadataka alikataa, akapoteza urithi wake wote.

Padri Organtino aliikusanya mifupa ya Gracia kutoka kwenye majivu. Mwaka uliofuata Tadaoki, Mbudha yule yule aliyekuwa mkali, aliomba mkewe afanyiwe ibada ya Kikristo, na yeye mwenyewe akahudhuria. Lakini mambo hayakuishia kwenye wema huo. Mwaka wa 1614 serikali ya Tokugawa ilipiga Ukristo marufuku nchi nzima, na Tadaoki naye akawatesa Wakristo katika eneo lake. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka wa 1873. Hata hivyo, katika hekalu la Zen la Koto-in, Kyoto, kuna taa ya mawe ambayo ndiyo alama ya kaburi la Tadaoki na Gracia. Mbudha na Mkristo wako chini ya jiwe moja.

Wasomaji wenzangu, wapo watakaosema: mnaona, dini mbili haziwezi kukaa nyumba moja! Mimi nasema tutazame vizuri. Gracia alichaguliwa mume. Alipangiwa mahali pa kuishi, akapangiwa na siku ya kufa. Katika maisha yake yote jambo kubwa alilojichagulia mwenyewe lilikuwa imani yake, na hilo ndilo lililomwudhi Tadaoki. Tadaoki alikuwa rafiki wa Ukon Mkristo bila ugomvi. Ukristo wa rafiki haukumsumbua, ila uamuzi wa mke ndio ulimsumbua. Angekuwa na mke wa dini yake mwenye akili zake, nadhani moto ungewaka vile vile.

Wahenga walisema penye nia pana njia, na Gracia aliitafuta njia akiwa amefungiwa ndani ya ua. Lakini si haki mtu atafute njia kwa kutoroka katika nyumba yake mwenyewe. Kwa hivyo kesho na keshokutwa, tukiwa watu wazima, tukisikia Mkristo anaoana na Mbudha, au Mwislamu na Mkristo, tusikimbilie kuuliza wanasali wapi. Tuulize kwanza kama wote wawili wana ruhusa ya kusema ndiyo na ya kusema hapana. Nyumba ikiwa na hilo, dini mbili zitapata pa kukaa.