Jomo Kenyatta: Rais ambaye umri wake haukujulikana

USIKU wa kuamkia Jumanne, Agosti 22, 1978, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alifariki akiwa usingizini katika Ikulu ya Mombasa. Siku iliyotangulia alikuwa amehudhuria hafla huko Msambweni, kusini mwa Pwani, na wengi waliomwona hapo hawakudhani kwamba hiyo ingekuwa mara yao ya mwisho kumtazama akiwa hai.

Habari za kifo chake zilipotangazwa redioni mchana huo, wananchi walijua saa, mahali na namna kiongozi wao alivyoaga dunia. Jambo moja tu hawakulijua, nalo ni miaka aliyoishi. Waliosema alikuwa na umri wa miaka 80 walikuwa na hoja zao, na waliosema alikaribia 90 pia walikuwa na zao. Hadi leo wanahistoria hawajaafikiana. Mwaka wake wa kuzaliwa huwekwa popote kati ya 1889 na 1898.

Kenyatta alizaliwa katika eneo la Gatundu, Kiambu, akaitwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake, Wambui, alirithiwa na Ngengi, ndugu ya marehemu, kwa mujibu wa mila, ndiposa kijana huyo akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Baadaye mama naye alifariki, na Kamau akaenda kuishi kwa babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga huko Muthiga.

Enzi hizo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa wala kalenda ukutani. Jamii ya Wakikuyu ilihesabu umri kwa marika na kwa matukio makubwa yaliyoikumba nchi. Njaa kali na ndui iliyowaua watu wengi Kiambu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na kuwasili kwa reli, ndizo zilizokuwa alama za wakati. Mtu aliulizwa alitahiriwa lini wala si alizaliwa lini.

Alama ya kwanza ya maandishi katika maisha yake inapatikana Novemba 1909, alipojiunga na misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alifunzwa kusoma, kuandika na useremala. Mwaka wa 1913 alitahiriwa pamoja na vijana wa rika lake, na Agosti 1914 akabatizwa. Alikuwa ametaka kuitwa John Peter, lakini wamishonari walitaka achague jina moja, naye akayaunganisha na kuwa Johnstone.

Tarehe hizo chache ndizo ambazo watafiti wameziegemea. Iwapo Kamau alizaliwa mwaka wa 1889, basi alikuwa na miaka 20 alipoingia darasani miongoni mwa wavulana wa misheni, na 24 alipopashwa tohara, umri ambao ungekuwa mkubwa mno kwa kijana wa wakati huo. Iwapo alizaliwa mwaka wa 1897 au 1898, basi alitahiriwa akiwa na miaka 15 au 16, jambo ambalo linaelekea zaidi kuwa la kawaida. Hii ndiyo sababu wengi waliochunguza maisha yake huipendelea miaka ya baadaye. Hata hivyo, hakuna hati inayoweza kuumaliza ubishi huo.

Baada ya kuondoka misheni, Kamau alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Thika. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia aliishi Narok na jamaa zake Wamaasai, na katika miaka ya 1920 akaajiriwa na Baraza la Manispaa ya Nairobi katika idara ya maji, akizunguka mjini kusoma mita. Ukanda wa shanga aliopenda kuuvaa, ulioitwa kinyata, ndio uliompa jina Kenyatta.

Mwaka wa 1928 aliacha kazi hiyo na kuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kuwasilisha kilio cha mashamba yaliyonyakuliwa na walowezi. Alirejea 1930, akaenda tena 1931, na mara hii akakaa ughaibuni miaka 15. Alisoma Moscow kwa muda, kisha akasomea elimu ya jamii na mila chini ya Profesa Bronislaw Malinowski jijini London. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichapishwa mwaka wa 1938, na kwenye jalada lake alijitambulisha kwa jina jipya, Jomo.

Aliporudi nyumbani Septemba 1946, aliyeondoka akiwa kijana wa mji alikuwa sasa mtu mzima mwenye ndevu na sauti nzito. Juni 1947 alichaguliwa rais wa chama cha Kenya African Union. Vijana waliokuwa wakimzunguka walimwita Mzee. Katika lugha ya Kiswahili neno hilo hubeba heshima kabla ya kubeba miaka, na kwa Kenyatta lilibeba yote mawili.

Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na usiku huo Kenyatta akatiwa mbaroni. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko kwa tuhuma za kuongoza Mau Mau. Alipoulizwa kuhusu kuzaliwa kwake, aliieleza mahakama kwamba hakujua siku, mwezi wala mwaka, ila aliamini kuwa alikuwa amepita miaka 50. Aprili 8, 1953 hakimu Ransley Thacker alimhukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Umri ambao mahakama haikuweza kuuthibitisha ulimfaa gerezani. Huko Lokitaung, katika joto la kaskazini, wenzake walitumikishwa kazi za sulubu, lakini Kenyatta alionekana mzee kwa kazi hiyo, akapewa jukumu la kuwapikia wafungwa. Aprili 1959 alihamishiwa Lodwar chini ya vizuizi, kisha Maralal mwaka wa 1961. Aliachiliwa huru Agosti mwaka huo. Mwanawe Uhuru alizaliwa Oktoba 26, 1961, miezi miwili tu baadaye, wakati babake alikuwa na umri wa kati ya miaka 62 na 72.

Juni 1, 1963 Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, na Desemba 12 mwaka huo nchi ikapata uhuru. Mwaka mmoja baadaye, Kenya ilipokuwa jamhuri, alikuwa Rais. Wakati mataifa mengi ya Afrika yalikuwa mikononi mwa viongozi waliokuwa katika miaka yao ya thelathini na arobaini, Kenya iliongozwa na mtu ambaye wenzake wengi wa rika lake walikuwa tayari wamezikwa.

Hapo ndipo suala la umri lilipoacha kuwa la kifamilia na kuwa la kitaifa. Mwaka wa 1966 afya ya Rais ilitetereka. Mei 1968, akiwa Pwani, alipata kiharusi, na kwa siku kadhaa wakuu wa serikali waliingiwa na hofu. Kwa mujibu wa katiba ya wakati huo, Rais angefariki akiwa mamlakani, Bunge ndilo lingemchagua mrithi. Waliokuwa karibu naye walihofia kwamba Tom Mboya, Katibu Mkuu wa KANU aliyekuwa na umri wa miaka 37 na ushawishi mkubwa bungeni, angenyakua kiti hicho.

Mwaka uo huo katiba ilibadilishwa. Iliamuliwa kwamba Makamu wa Rais ashikilie mamlaka kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa, na kwamba anayewania urais awe ametimiza miaka 35. Mboya hakuishi kuona matumizi ya sheria hiyo, kwani aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969. Kijana ndiye aliyetangulia, mzee akabaki.

Kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo minong'ono kuhusu mrithi ilivyozidi. Mwishoni mwa 1976 kundi la wanasiasa mashuhuri lilianza mikutano ya hadhara, kuanzia Nakuru, likitaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi mamlaka moja kwa moja. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alijibu kwa kutangaza kwamba kuwazia au kupanga kifo cha Rais ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni kifo. Mikutano ikakoma. Nchi ikawa na Rais mkongwe ambaye miaka yake haikujulikana na ambaye mwisho wake haukuruhusiwa kutajwa.

Mwisho huo ulipofika, sheria ya 1968 ndiyo iliyoamua. Moi alipashwa habari akiwa nyumbani kwake Kabarak, akasafiri hadi Nairobi na kuapishwa alasiri ya Agosti 22, kabla jua la siku hiyo halijatua. Kenyatta alizikwa Agosti 31 katika kaburi maalumu kwenye uwanja wa Bunge, mbele ya wageni waliojumuisha Mwanamfalme Charles wa Uingereza na Rais Idi Amin wa Uganda. Oktoba, kabla ya siku 90 kutimia, Moi alithibitishwa kuwa Rais bila kupingwa. Waliokuwa wakihofia umwagikaji wa damu hawakuuona.

Waliomfuata Kenyatta wote tarehe zao zimeandikwa. Moi, aliyezaliwa Septemba 2, 1924, alishika hatamu akiwa na miaka 53, akastaafu Desemba 30, 2002 akiwa na 78, na kufariki Februari 4, 2020 akiwa na 95. Mwai Kibaki, aliyezaliwa Novemba 15, 1931, aliapishwa akiwa na miaka 71, akaondoka Aprili 2013, na kuaga dunia Aprili 21, 2022 akiwa na 90. Uhuru Kenyatta aliapishwa akiwa na miaka 51, naye William Ruto, aliyezaliwa Desemba 21, 1966, akaingia Ikulu Septemba 13, 2022 akiwa na 55.

Hivyo basi, Moi na Kibaki waliishi miaka mingi kumshinda mwasisi wa taifa, hata akikadiriwa umri wa juu kabisa. Lakini swali la nani aliyeingia urais akiwa mzee zaidi, yeye au Kibaki, halina jibu. Kama Kenyatta alizaliwa 1889, ni yeye. Kama ni 1898, ni Kibaki.

Miongoni mwa marais hao watatu waliokwisha kufariki, ni Kenyatta pekee aliyefia mamlakani. Moi na Kibaki walikabidhi madaraka wakiwa hai, kwa kuwa katiba ilikuwa imeweka kikomo cha mihula miwili. Kikomo hicho hakikuwapo enzi za Kenyatta. Muhula wake ulipimwa kwa uhai wake, nao uhai wenyewe hakuna aliyeweza kuuhesabu.