Krapf, mkusanyaji wa maneno aliyefariki kabla ya kuiona kamusi yake ya Kiswahili

Mwaka 1882 wachapishaji Trübner wa mjini London walitoa kitabu kinene kinachohesabiwa kuwa kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa. Mtunzi wake, Mjerumani Johann Ludwig Krapf, hakupata kukishika mkononi. Alikuwa amefariki tarehe 26 Novemba 1881 katika mji mdogo wa Korntal, kusini mwa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 71. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Huku Bwegera, kwenye barabara ya kitaifa nambari 5 kati ya Luberizi na Luvungi, jina la Krapf halitajwi mara nyingi. Lakini kazi aliyoifanya inajulikana na kila anayefanya biashara katika bonde la Ruzizi. Mtu anaamka na Kifuliiru nyumbani, anauza kwa Kiswahili sokoni, mtoto wake anasoma kwa Kifaransa, na upande wa pili wa mto wanasema Kirundi. Mfanyabiashara anayeshuka kwenye boti ya Kigoma bandarini Kalundu anataka kisamvu, na hajui kwamba sombe anayoonyeshwa ndiyo hiyo hiyo. Anauliza mchicha, anapewa lengalenga. Anatafuta ugali, meza imejaa bugali. Hapo ndipo mtu anauliza: kwenu hii munaiitaje? Krapf aliuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulifanya, akalala mgonjwa kwa miezi mingi, na muda huo akaumaliza kwa kusoma. Baadaye alipelekwa masomoni Tübingen, akajifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Siku moja alitazama ramani ya Afrika na kuona upande wa mashariki ukiwa karibu mtupu, majina ya mahali yakihesabika. Kijana aliyependa majina hakuweza kuisahau ramani ya namna hiyo.

Alisomea umisionari Basel, kisha mwaka 1837 akaenda Ethiopia akitumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana la London. Huko alijifunza Kiamhari na kuanza Kioromo. Alifukuzwa Tigray, akaishi miaka kadhaa Shewa, na alipotoka mwaka 1842 njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka huo huo alimuoa Rosine Dietrich. Walipojaribu tena kuingia Ethiopia mwaka 1843, Rosine alijifungua njiani, nyikani, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike alikufa baada ya muda mfupi. Walimbatiza Eneba. Kwa Kiamhari, neno hilo maana yake ni chozi.

Wanaoandika habari za Krapf mara nyingi huanza na milima na safari. Pengine ingefaa kuanza na jina hilo. Mtu aliyekuwa na lugha yake ya kuzaliwa, pamoja na Kilatini na Kiebrania cha masomoni, alimpa mtoto wake wa kwanza neno la lugha ya watu waliokuwa wamemfungia mlango.

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilishindikana, Krapf alizunguka kwa bahari. Alifika Zanzibar Januari 1844. Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mnamo Mei alikuwa Mombasa. Hakujua bado Kiswahili vizuri, lakini Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliketi naye kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muheddin, mwanachuoni wa Kiislamu. Jambo hili linastahili kusimuliwa polepole: kadhi alijua kabisa kwamba mgeni huyu amekuja kuhubiri dini nyingine, na bado alimsaidia kutafuta neno linalofaa.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa pili wa kike, na Julai 1844 akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf hakurudi kwao. Alirudia kazi ya maneno, na sura za kwanza za tafsiri ile ya Mwanzo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki. Aliandika kwa herufi za Kilatini, wakati watu wa pwani walikuwa wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Uamuzi huo wa mtu mmoja unaonekana leo katika kila ujumbe wa Kiswahili unaoandikwa kwenye simu.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa sehemu ile ile ya kusini. Wakajenga kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Kama wahubiri hawakuvuna sana. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa akikaribia kufa, na hiyo ilikuwa mwaka 1851, miaka saba baada ya Krapf kufika. Daftari za maneno, hata hivyo, zilikuwa zinajaa.

Kisa kimoja kinaonyesha kazi hiyo ilivyokuwa. Mei 1848 Rebmann alikuwa anakaribia Kilimanjaro pamoja na kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, akauliza kinaitwaje. Bwana Kheri hakuwa na jina lake. Alijibu tu kwamba anadhani ni baridi. Jibu hilo lilimtosha Rebmann kuelewa kwamba ile ni theluji. Baadaye alijua kwamba Wachaga walikuwa na neno lao, kibo, na ndilo jina la kilele cha juu cha mlima huo hadi leo. Theluji tunayoandika katika Kiswahili imetoka Kiarabu. Wanaoishi chini ya Rwenzori, huko Beni, wanaiona kwa macho bila kusubiri kamusi iwaambie.

London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa kata kata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Hakuwa amekanyaga Afrika. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye, akiwa Ukambani kwa mfanyabiashara mkubwa aliyeitwa Kivoi, aliona vilele vyeupe vya mlima mwingine. Aliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba: Kenia. Mwaka 1920 jina hilo likawa la koloni zima, na baadaye la nchi huru. Matamshi ya Wakamba, yaliyopita katika sikio la Mjerumani na kalamu yake, sasa yamo katika pasipoti za mamilioni ya watu.

Mwaka 1850 alikuwa Ujerumani kwa muda, na huko Tübingen akachapa vitabu viwili: sarufi fupi ya Kiswahili, na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki zikiwekwa bega kwa bega. Lugha hizo ni Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Msomaji wa Bwegera akifungua orodha ya namna hiyo hahitaji mwalimu. Mswahili anasema mtu. Mkamba anasema mundu. Mfuliiru pia anasema mundu, ingawa kati yake na Mkamba kuna ziwa Victoria na siku nyingi za safari. Krapf aliona undugu huo, na akaelewa kwamba lugha nyingi kutoka ikweta hadi kusini kabisa mwa Afrika ni za ukoo mmoja.

Safari yake ya pili Ukambani, mwaka 1851, iliisha vibaya. Kivoi aliuawa njiani na Krapf akabaki peke yake porini, akibeba maji ya mto Tana ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake. Alifika Rabai akiwa mifupa. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Aliondoka pia na nakala za tenzi za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akazikabidhi kwa chama cha wataalamu wa lugha za mashariki huko Halle.

Wenzake waliobaki ndio waliolileta ziwa Tanganyika katika hadithi hii. Jakob Erhardt, aliyekuwa Tanga, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara wanakokwenda. Kila mmoja, kutoka bandari yoyote, alisema safari inaishia kwenye ziwa. Erhardt na Rebmann wakafikiri ni ziwa moja tu, na mwaka 1856 Ulaya ikaona ramani yenye bahari kubwa ya ndani, iliyopewa jina la Uniamesi, kutokana na Unyamwezi, na yenye umbo la konokono asiye na nyumba. Ramani ilikosea: neno moja lilikuwa limefunika Tanganyika, Victoria na Nyasa. Lakini ndiyo iliyowafanya Waingereza watume Richard Burton na John Speke. Aprili 1858 wawili hao walifika Uvira kwa mitumbwi wakitafuta mto unaotoka ziwani kuelekea Nile. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Ulaya iliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa Ruzizi Novemba 1871 na kukuta maji yanaingia, kama watu wa Uvira walivyosema miaka 13 kabla.

Krapf aliishi miaka yake ya mwisho Korntal. Alirudi Afrika Mashariki mara moja kwa muda mfupi, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo Ribe, na mwaka 1867 akaenda na jeshi la Waingereza Ethiopia kama mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Rebmann alikuwa amebaki Rabai karibu miaka 29 bila kurudi kwao. Aliporudi mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikaa karibu na Krapf hadi alipokufa mwaka 1876. Mwaka uliofuata Krapf alisimamia uchapishaji wa kamusi ya Kinyasa ambayo Rebmann aliikusanya kutoka kinywani mwa Salimini, mtu wa upande wa ziwa Nyasa aliyeletwa Mombasa kama mtumwa. Salimini, Bwana Kheri, Sheikh Ali: bila wao daftari zingebaki nyeupe. Majina yao yanajulikana kwa wachache, na hilo si haki.

Ndipo ikabaki kamusi ya Kiswahili. Krapf aliunganisha maneno yake na ya Rebmann, akaongeza ya Erhardt na ya askofu Edward Steere wa Zanzibar, na akaweka herufi kuonyesha lipi limetoka kwa nani. Hakutosheka na maana tupu. Alieleza desturi, magonjwa, ngoma, vyombo vya baharini, na kutoa sentensi kama watu walivyozisema. Pale alipokuwa hana hakika aliweka alama ya kuuliza na kuendelea. Neno kamusi lenyewe linatoka Kiarabu, ambako lilimaanisha bahari kubwa kabla ya kuwa jina la kitabu cha maneno. Aliyesimama ufukweni Kalundu siku ya upepo anaelewa kwa nini.

Kamusi hiyo ilijaa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa sababu Krapf alikaa na kuuliza huko. Kimvita kinasema mato badala ya macho, ndia badala ya njia, ndaa badala ya njaa, teka badala ya cheka. Mwaka 1925 Kasisi Harry Kerr Binns, aliyefanya kazi miaka mingi pwani ya Kenya, aliipanga upya na kuitoa tena. Miaka mitatu baadaye, Juni 1928, wajumbe wa serikali za kikoloni za Kiingereza walikutana kuamua ni Kiswahili cha wapi kitafundishwa shuleni na kuchapwa vitabuni. Walichagua cha Unguja. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa. Kiswahili cha upande wa Kongo, kile kilichofika Uvira na misafara ya Waungwana, hakikuwa katika hesabu yao.

Toleo la 1882 linasomwa leo bure kwenye intaneti. Anayelitafuta aandike Suahili, kama alivyoandika Krapf, na awe na subira na tahajia yake. Alama zake za kuuliza bado zimo ndani.