Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwalimu wa Kiswahili Ughaibuni

Aghalabu mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja hushughulishwa na pasipoti, viza na nguo za baridi. Maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanatufunza kwamba yapo maandalizi mengine yasiyouzwa dukani.

Mtoro alizaliwa mnamo mwaka 1869 hivi huko Dunda, karibu na Bagamoyo, katika jamii ya Wazaramo. Alilelewa katika Uislamu, akapata elimu ya dini Bagamoyo, mji ambao misafara ya bara ilikuwa ikiishia.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Miongoni mwa waliosomea hapo ni maafisa na wamishonari waliotazamia kuja Afrika Mashariki. Hivyo basi, Mswahili aliyevuka bahari akawa ndiye anayewaandaa Wajerumani kuivuka bahari iyo hiyo kuja kuitawala nchi yake.

Utajiri aliokwenda nao ulikuwa kuyajua vyema ya kwao. Mwaka 1903, kitabu Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Göttingen. Ndani yake mna habari za uzazi, malezi, jando, unyago, ndoa, ngoma na maziko. Kilitolewa kwa jina la mkusanyaji na mhariri, Carl Velten, ilhali sehemu kubwa ilitokana na Mtoro.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata waliabiri meli kurejea Afrika Mashariki, lakini serikali ya kikoloni ilikataa mkewe asishuke nchini. Ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ilihesabiwa kuwa tishio kwa utawala uliojengwa juu ya ubaguzi. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoro alifungiwa ngama yake mwenyewe. Hakumwacha mkewe. Walirudi Ujerumani, naye baadaye akafundisha Hamburg. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza katika tafsiri ya J.W.T. Allen, na safari hii jina la Mtoro likawekwa mbele kama mwandishi.

Leo wapo wanafunzi wetu wanaokwenda ughaibuni kusoma, na wengine kusaidia kufundisha Kiswahili. Huko wataulizwa jinsi mahari inavyotolewa kwao, mtoto anavyopewa jina na maiti anavyozikwa. Asiyewahi kuketi na wazee wake na kuwauliza atabahatisha majibu, na kubahatisha kwake kutachukuliwa kuwa ndiyo mila yetu. Na yule atakayejibu kwa yakini na ajihadhari pia: maarifa anayoyatoa yaandikwe kwa jina lake. Mtoro alisubiri miaka 78, naye hakuwahi kuliona jina lake likiwekwa mahali palipostahili.