Mwalimu wa Pugu na Tamthiliya za Shakespeare

Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kufariki London mwaka 1999, alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, kisha akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua baina ya ualimu na uongozi wa TANU. Akaacha kazi pamoja na mshahara wake. Darasa, kwa maoni yetu, hakuliacha.

Huku akibeba mzigo wa nchi, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Angeweza kuwaita wafanyabiashara. Akachagua neno lenye lawama, nalo peke yake latosha mjadala wa kipindi kizima. Mistari yake haina vina, jambo geni kwa masikio yaliyozoea tenzi.

Sisi wakufunzi hupenda kuieleza tamthiliya mpaka ikapoa. Mfasiri huyu alikuwa amehutubia umati wa Mnazi Mmoja. Basi mwanafunzi mmoja na asome hotuba ya Brutus, mwingine ya Antony, waliobaki wawe umati wa Roma, naye mwalimu akae nyuma asikilize.