Tingatinga, Mhudumu wa Wagonjwa

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, wengi tunamjua kwa picha zake za wanyama. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa pia mhudumu wa wagonjwa Muhimbili, jirani na Kariakoo. Kuchora alianza mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alipoajiriwa hospitalini hakuiacha brashi. Alichora akitoka zamu, na mkewe Agatha akaziuza picha Morogoro Stores, Oysterbay. Nyumbani walikuwa na watoto wawili. Mwaka 1972 polisi, wakidhani gari alimokuwa ni la mhalifu, walimpiga risasi akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu, na watoto walikuwa bado wachanga.