Rutherford: Mtoto wa mkulima aliyepambanua mionzi

MWANAFUNZI wa Mgwashi, katika Milima ya Usambara wilayani Lushoto, anaposoma fizikia ya Kidato cha Nne, hukutana na mionzi ya alfa, beta na gama. Majina hayo yalitolewa na mtoto wa mkulima, Ernest Rutherford.

Alizaliwa New Zealand Agosti 30, 1871, wa nne kati ya watoto 12. Ufadhili wa masomo ulimfikisha Cambridge, Uingereza, mwaka 1895.

Mwaka 1899 alibaini kuwa urani hutoa mionzi ya aina mbili. Alfa huzuiwa hata na karatasi, ingawa ni hatari kubwa kinachoitoa kikimezwa au kuvutwa kwa pumzi. Beta hupenya karatasi, lakini hukomea kwenye bati jembamba la alumini. Aina ya tatu, iliyogunduliwa na Mfaransa Paul Villard mwaka 1900, Rutherford aliiita gama. Hiyo hupenya mwili, na hupunguzwa kwa risasi nene au zege.

Kwa uwezo huo wa kupenya, gama imetumika kutibu saratani, ikiwa ni pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1908, na mwaka 1911 akatangaza kuwapo kwa kiini cha atomu. Alifariki dunia Oktoba 19, 1937. Hakuishi kuona nguvu ya kiini hicho ikiteketeza Hiroshima mwaka 1945.