M'siri, mwami mwenye kukatala kutia mukono

Mu Ulaya kuko batu benye kutoa feza mingi juu ya kupata karatasi yenye mfalme wa zamani alitia mukono, ao foto yenye sinyatire yake. Huku Katanga, karatasi yenye kujulikana zaidi ya mwami M'siri ni ile yenye hakutia mukono. Ilimuletea kifo.

Jina lake la utoto ni Ngelengwa. Alizaliwa Unyamwezi, upande wa Tabora, mu Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mucuruzi, anakuya kutafuta mukuba ya Katanga. Mutoto akafwata njia ile, akabakia. Kidogo kidogo, kwa bunduki na kwa kuoa mu jamaa za bakubwa, akakuwa mwami wa Garenganze, muji wake Bunkeya. Mukuba, munyu na pembe za tembo zilitoka kwake kuenda mpaka Zanzibar na Benguela. Batumwa pia, hatutafichika ile. Basanga baliona mateso mingi, na mu 1891 bakamuasi.

Kusoma hakujua, lakini nguvu ya karatasi aliijua. Tangu Arnot alifika mu 1886, bamisionere balikaa karibu naye, benye kusoma na kuandika barua.

Mwezi wa 11, 1890, Alfred Sharpe akafika na mapatano ya kampani ya Cecil Rhodes. Mwami akasomewa maneno yenye kuwa ndani, akasikia kama banamunyanganya inchi, akakatala. Mwezi wa 4, 1891, Paul Le Marinel akakuya kwa jina la Léopold II. Bendera yake, akaikatala vilevile. Kisha, hatari ikakaribia. Mwami akaandikisha barua kuita Sharpe arudie. Barua ile ikaangukia mu mikono ya Stairs, mutu wa Canada, mwenye Compagnie du Katanga ilituma.

Stairs akaingia Bunkeya tarehe 14 mwezi wa 12. Siku tano nyuma akasimamisha bendera bila ruhusa. M'siri akatoka usiku, akaenda ku kijiji cha Munema. Kesho yake, tarehe 20, kapiteni Bodson akamufwata kule, akamupiga risasi. Bodson naye akakufa siku ile.

Mutoto wake Mukanda-Bantu akakubali bendera, akatawala mpaka 1910. Aliacha kumbukumbu zake, zikachapwa nyuma. Kwa sababu ya zile, hatujue M'siri paka kwa maandiko ya bazungu. Kila tarehe 20 ya mwezi wa 12, Bayeke banakutana Bunkeya kumukumbuka.

Sisi ba Katuba tuchunge ya kwetu. Kama mu valizi ya nkambo kuko barua, foto ao kitabu cha kazi cha Union Minière, tusiuzishe ku mupita-njia, tusiwashie moto. Tutafute mutu wa kutusomea kwanza. M'siri mwenyewe alifanya vile.